Barua ya wazi kwa wakuu wa soka ya India: Chhetri ameaga mara mbili, msimwite ya tatu

KWA: Viongozi wote wenye dhamana ya soka nchini India, wa shirikisho, wa ligi kuu na wa klabu

KUH: Sunil Chhetri na kazi mlizomwachia azifanye peke yake

Waheshimiwa,

Salamu kwanza. Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Mombasa, na hapa Bengaluru nafanya ukalimani. Nawasaidia wagonjwa wanaotoka Mombasa, Dar, Zanzibar na Muscat kuelewana na madaktari. Najua mtauliza ni nani aliyenituma, maana si raia wa India wala sina kura katika chama chochote cha soka. Jibu ninalo. Sunil Chhetri, straika na nahodha wa zamani wa timu ya taifa ya India, aliifunga nchi yangu mabao manne ndani ya wiki moja, na mechi zote mbili nilikuwa uwanjani na jezi yangu ya Harambee Stars. Mtu akikuliza namna hiyo, unapata haki ya kumsemea.

Haya nitakayoyasema si mapya. Sisi mashabiki tumeyasema kistaarabu miaka mingi, kwa barua, kwa barua pepe, kwenye vikao, hata kwa kumvuta kiongozi mmoja kando baada ya mechi na kumwambia kwa sauti ya chini. Tuliitikiwa vizuri sana. Tulishikwa mikono, tukaambiwa yatashughulikiwa, tukarudi nyumbani. Leo nayaanika.

Nianze na Juni 2018, maana ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa Mumbai na mgonjwa. Usiku wa Juni 1 India iliichapa Chinese Taipei (yaani Taiwan) 5-0, Chhetri akafunga matatu, na waliokuja kutazama walikuwa watu 2,569. Kesho yake nahodha akakaa mbele ya kamera akawaomba watu wa nchi yake waje uwanjani, hata kama wanakuja kuwatukana, mradi waje. Mechi iliyofuata ilikuwa na sisi, Juni 4, na kwake ilikuwa ya 100 kwa timu ya taifa. Tiketi zikaisha.

Mimi tiketi yangu nilikuwa nimeshanunua, nikidhani nitakaa popote nipendapo. Nilikuta foleni haioni mwisho na mvua inamwagika kama bomba lililopasuka. Mbele yangu alisimama mzee aliyemfunika mjukuu wake kwa mfuko wa plastiki wa duka la viatu, kautoboa tundu la uso, na mtoto anachungulia kama kobe. Uwanjani pasi za chini zilikwama kwenye madimbwi. Tulijitahidi mpaka dakika ya 68 Chhetri alipofunga penalti. Dakika tatu baadaye Jeje Lalpekhlua akaongeza la pili (Jeje huyo alichaguliwa mwaka 2023 kuwa mbunge katika bunge la jimbo la Mizoram, kwa hiyo angalau mmoja wao alipata kazi ya siasa kwa njia halali). Muda wa nyongeza Chhetri akatumalizia. Siku sita baadaye tukakutana nao tena, fainali ya mashindano yaleyale, 2-0, yote yake. La pili bado naliota: Anas Edathodika alipiga mpira mrefu kutoka nyuma, Chhetri akautuliza kwa kifua, beki wetu akateleza upande mmoja na mawazo yake upande mwingine, na mguu wa kushoto ukamaliza. Siku hiyo alifikisha mabao 64, sawa na ya Lionel Messi kwa Argentina wakati ule.

Mabao hayo nimeyasamehe. Kinachonikaa kooni ni ile video, na yote yaliyofuata. Naomba niyataje kwa hesabu.

1. Mlimgeuza nahodha akawa mpiga debe.

Kazi ya straika ni kufunga. Kujaza uwanja, kutafuta wadhamini na kuhakikisha ligi ina tarehe ya kuanza ni kazi za ofisini, na ofisini kuna watu wanaolipwa kwa hizo. Ya 2018 ningeweza kuiita bahati mbaya. Lakini Januari 2026, Chhetri akiwa na miaka 41, tulimwona tena kwenye video, safari hii pamoja na wachezaji wenzake Gurpreet Singh Sandhu na Sandesh Jhingan, wakiiomba FIFA iingilie kati kwa sababu ligi kuu ilikuwa haijaanza. Kati ya video hizo mbili imepita miaka saba na nusu, na sauti ni ileile ya mtu anayeita abiria kwenye basi ambalo dereva hajulikani aliko.

Tena ligi haikukwama kwa ghafla. Mkataba wa haki za biashara ulisainiwa mwaka 2010 na ulikuwa wa miaka 15. Siku utakapoisha, Desemba 2025, ilijulikana tangu Chhetri ana miaka 26. Hata mwenye nyumba kule Majengo humkumbusha mpangaji mwezi mmoja kabla. Agosti 2025 klabu yake, Bengaluru FC, ikatangaza kusimamisha mishahara ya wachezaji na benchi la ufundi. Zabuni ya haki mpya ilipotangazwa hakujitokeza mtu. Mwishowe mkatupa ligi ya mzunguko mmoja, mechi 91, kuanzia Februari 14, 2026, na kuna waliotaka tushukuru.

2. Cheo cha nchi kilimfungia mlango wa Uingereza.

Mwaka 2009 Queens Park Rangers walimtaka. Kibali cha kazi kikakataliwa kwa sababu India haikuwa ndani ya timu 70 bora za FIFA. Baadaye alikwenda Kansas City mwaka 2010 akakaa sana benchi, kisha Lisbon kwenye timu ya akiba ya Sporting, kisha akarudi. Wapo wanaosema hakuwa na kiwango cha kule. Labda. Hatukupewa nafasi ya kujua. Ninachojua ni kwamba Novemba 2025, baada ya kufungwa 1-0 na Bangladesh mjini Dhaka, India ilishuka hadi nafasi ya 142.

3. Namba tisa mmewapa wageni.

ISL, ligi kuu ya sasa, ilipoanza mwaka 2014, timu iliweza kuingiza uwanjani wageni sita. Mwaka 2017 wakawa watano, 2021 wakawa wanne. Wamepungua, nakiri. Lakini kaeni jukwaa la magharibi pale Kanteerava, uwanja wa Bengaluru, msimu mmoja tu mtaona wageni hao wanawekwa wapi: beki wa kati mmoja, kiungo mmoja, na straika. Straika ndiye wa kwanza kununuliwa kila klabu, kwa sababu mabao ndiyo yanayolinda kazi ya kocha. Kijana wa Kihindi aliyekua akicheza namba tisa mtaani kwao anafika ligi kuu anaambiwa aende winga, akimbie, apige krosi, amtafute Mhispania. Hata Chhetri mwenyewe, nahodha wa taifa, alisogezwa kushoto Bengaluru ili Miku wa Venezuela acheze katikati. Yeye alifunga hata akitokea pembeni. Wangapi wanaweza?

Matokeo yake tuliyaona alipoaga Juni 2024. Alikuwa na mabao 94 katika mechi 151, na duniani kwa upande wa wanaume waliomzidi walikuwa watatu tu: Cristiano Ronaldo, Messi na Ali Daei. Katika kikosi alichokiacha hakuna aliyekuwa na hata robo ya mabao hayo. Mwaka huo wote wa 2024 India ilicheza mechi 11 bila kushinda hata moja. Halafu msimu wa 2024-25 Chhetri, mwenye miaka 40, akafunga mabao 14 katika ligi, akawazidi Wahindi wote. Uwanja mzima ulipiga makofi. Mimi nilishika kichwa.

Nawaelewa zaidi ya mnavyodhani. Sisi Wakenya tulimwegemea Dennis Oliech mpaka tukasahau kwamba naye ana magoti, na kama Michael Olunga asingetokea sijui tungekuwa wapi. Lakini Olunga alitokea akiwa anacheza namba tisa.

4. Hamkuiheshimu siku aliyoaga.

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa hiyo nivumilieni.

Chhetri alizaliwa Secunderabad mwaka 1984. Baba yake alikuwa mwanajeshi, mama yake alichezea timu ya wanawake ya Nepal. Alianza soka ya kulipwa Mohun Bagan, Kolkata, mwaka 2002. Mechi yake ya kwanza ya taifa ilikuwa Juni 12, 2005, mjini Quetta, dhidi ya Pakistan, akafunga. Amewahi kusimulia kwamba alipokabidhiwa jezi ile alirashia manukato kidogo, hajui kwa nini. Ukinielezea mchezaji kwa takwimu nasahau kesho, lakini kijana wa miaka 20 anayetia jezi manukato kabla ya kuivaa, huyo simsahau. Mwaka 2008 alifunga matatu peke yake katika fainali ya AFC Challenge Cup dhidi ya Tajikistan, na kwa ushindi ule India ikarudi Kombe la Asia la 2011 baada ya kulikosa tangu 1984.

Juni 6, 2024 alichagua kuagia palepale alipoanzia, Kolkata, uwanja wa Salt Lake, dhidi ya Kuwait. Nilikwenda kwa treni, siku moja na nusu, miguu imevimba kama ya mjamzito. Watu zaidi ya 50,000. Jirani yangu alikuwa mzee wa Kibengali aliyekuja na chai yake, akaniwekea kwenye kikombe kidogo cha udongo bila kuniuliza natoka wapi. Mechi ilikuwa mbovu, 0-0, na nafasi ya kusonga mbele kufuzu Kombe la Dunia ikazidi kuwa finyu. Lakini baada ya kipenga wachezaji walijipanga mistari miwili, akapita katikati, akalia, na yule mzee akavunja kikombe chake chini ya kiti, kwa makusudi, kama mtu anayefunga hesabu. Mimi changu nilikibeba. Kipo hapa mezani.

Basi. Mtu ameaga, watu wamelia, limekwisha.

Miezi tisa baadaye akaitwa tena. Machi 19, 2025, Shillong, dhidi ya Maldives, akafunga kwa kichwa bao lake la 95. Sitadanganya, nilishangilia, nilikuwa kwenye korido ya hospitali na simu mkononi, na muuguzi alinikemea mbele ya wagonjwa wangu. Lakini siku sita baadaye mkatoka 0-0 na Bangladesh, na Juni mkafungwa 1-0 na Hong Kong. Kocha wa wakati ule, Manolo Márquez, aliianza kazi ya taifa huku bado anaifundisha FC Goa, klabu mkono mmoja na nchi mkono wa pili. Aliondoka, akaja Khalid Jamil.

Jamil alifanya jambo ambalo nilikuwa naliombea. Alikwenda kwenye mashindano ya CAFA, ya nchi za Asia ya Kati, kule Tajikistan bila Chhetri. Vijana wakawafunga wenyeji 2-1, wakapigwa na Iran, wakatoka sare na Afghanistan, kisha wakaishinda Oman kwa penalti wakashika nafasi ya tatu. Wagonjwa wangu wa Muscat walininunia siku mbili. Nikasema haya, sasa wameanza kutembea wenyewe.

Oktoba akaitwa tena. Sare ya 1-1 kule Singapore, Rahim Ali akisawazisha mwishoni, halafu nyumbani Goa mkafungwa 2-1 na Singapore hiyohiyo, na Kombe la Asia la 2027 likaondoka. Baada ya hapo Chhetri akatundika daluga za taifa mara ya pili, na mechi 157 na mabao 95. Safari hii hakukuwa na Salt Lake, hakukuwa na mistari miwili, hakuna aliyepanda treni. Mlichukua kuaga kuzuri kuliko kote nilikowahi kukuona mkakubadilisha kwa kuondoka mlango wa nyuma.

Waheshimiwa, najua mtakavyojibu, kwa sababu tumeshajibiwa hivyo.

Mtasema India ni nchi ya kriketi. Mwambieni hivyo mtu aliyewahi kuwa Kolkata siku ya Mohun Bagan na East Bengal. Na wale waliojaza uwanja wa Mumbai kwa ombi la mtu mmoja mwaka 2018, mwasemaje, walikuja kutazama kriketi kwenye mvua?

Mtasema hakulazimishwa, alikubali mwenyewe. Hili linauma kwa sababu ni kweli. Mtoto wa mwanajeshi akiitwa na nchi ataitika hata akiwa na mkongojo. Ndiyo maana mwenye kuita anatakiwa awe na haya.

Mtasema straika hazaliwi kwa amri ya ofisi. Sawa. Lakini Baichung Bhutia, straika wenu wa kabla yake, alipotundika daluga mwaka 2011, Chhetri alikuwa ameshakomaa anangoja zamu, na Januari 2012 Bayern Munich ikaja Delhi kumuaga Bhutia, ikafunga 4-0 na kila mtu akaenda kulala kwa amani. Bhutia aliaga mara moja tu. Klabu kama JCT ya Phagwara, iliyompa Chhetri miaka mitatu ya kukua, ilifungwa mwaka huohuo wa 2011. Kilichokuja badala yake kina taa kali na wageni wazuri, na mimi nimelipia tiketi zake kwa furaha, lakini nionyesheni straika mmoja kilichomkuza wa kusimama karibu na Chhetri.

Ninachoomba ni kidogo.

Kwanza, msimwite tena kwa mechi ya ushindani. Hata mkifungwa tano. Hata umati ukiimba jina lake, na utaimba, nami nitakuwa kati ya waimbaji; msitusikilize.

Pili, wekeni kanuni ya ligi kuu inayompa straika wa Kihindi dakika za kucheza katikati, na mwisho wa kila mwezi mtangaze dakika hizo klabu kwa klabu. Wenye klabu watalalamika. Waacheni walalamike wakiwa wanafuata kanuni.

Tatu, tarehe ya kuanza na kumalizika ligi ya msimu ujao itangazwe kabla msimu huu haujaisha, na itangazwe na mtu mwenye cheo, kwa karatasi yenye sahihi. Mchezaji yeyote asitolewe tena mbele ya kamera kuomba.

La nne nalisema kwa unyenyekevu maana ni lake kuamua: akikubali, mpeni vijana wa miaka 15 na 16 awafundishe kumaliza kwa mguu wa kushoto baada ya kutuliza kwa kifua. Kwa mkataba. Mishahara iwe inaingia.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayokasirika nayo vizuri, na kwa sababu nataka viongozi wa soka wa kwetu nao waisome wakidhani inawahusu wengine. Yeyote kati yenu atakayeitaka kwa Kiingereza, Kihindi au Kikannada cha kuombea maji, anipe taarifa. Nitamtafsiria mwenyewe, na sitatoza.

Nasubiri jibu, kwa maandishi.

Wenu mtiifu,

Mkalimani, jukwaa la magharibi,
Bengaluru